Neno asante halinitoki nikisali

SWALI: Naishi ghorofani Mji wa Kale, si mbali na Ndia Kuu. Kifungua mimba wangu ana miaka 9, ana mtindio wa ubongo na hatembei. Mdogo wake ana usonji. Kwenye jumuiya yetu kila mmoja husimama akatoa shukrani. Zamu yangu ikifika nasema nimechoka, naambiwa sina imani. Mwenzangu mmoja aliniuliza nilimkosea Mungu nini. Sasa hata nikipiga magoti peke yangu, neno asante halitoki. Nifanyeje?
Mama wa Wawili, Mombasa

JIBU: Mwanangu, nianze na huyo aliyekuuliza ulimkosea Mungu nini, maana ameniudhi. Swali lake ni la zamani. Wanafunzi wa Yesu walimwuliza lilo hilo mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu akawakatalia, si yeye wala si wazazi wake. Limo katika Yohana sura ya 9. Mwenzako akirudia, mwambie akasome.

Kuchoka si kukosa imani. Zile ngazi za nyumba zetu za Mji wa Kale, nyembamba na zenye giza, nazijua. Mtu amshushe mtoto wa miaka 9 mgongoni, apande tena na mtungi wa maji, kisha aseme hajachoka? Huyo ndiye wa kutiliwa shaka. Zaburi nyingi ni malalamiko, na ile ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Imeachwa humo humo kwenye Biblia, wala hakuna aliyeiongezea mwisho mwema.

Tena hakuna anayekudai umshukuru Mungu kwa mtindio wa ubongo. Mshukuru kwa mtoto.

Usiku watoto wakishalala, mwambie Mungu kwanza kilichokuuma siku hiyo, bila kukipamba. Kisha taja jambo moja tu la siku hiyo hiyo. Mkubwa amemaliza uji bila kupaliwa. Mdogo amesikia adhana na hakuziba masikio. Jirani amekuletea mahamri, akakaa na watoto ukawahi soko la Marikiti. Ukikosa la kutaja, sema leo sina, ulale. Na kama jambo lenyewe lilipitia mkono wa mtu, kesho yake mpelekee asante mlangoni, awe Mkristo au Mwislamu. Shukrani ya jumla jumla, ile ya "nashukuru kwa yote", ndiyo inayokukwama kooni, na sikulaumu.

Kwenye jumuiya usisimame kuigiza. Zamu yako ikifika, waambie: mkitaka kuniombea, njooni pia mnishikie watoto Jumamosi, wawili wawili kwa zamu. Wanaojua kusali watajua na kubembeleza mtoto. Barua yako haimtaji baba wa watoto. Kama yupo, ngazi hizo ni zake pia.

Mwisho, hujaniambia kama umewasajili watoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kama bado, safari inaanzia hospitali ya serikali, na kwako ile ya Makadara ni karibu: omba watoto wafanyiwe tathmini ya ulemavu. Ukishapata kadi ya Baraza, uliza kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya inayomlea mtu mwenye ulemavu mkubwa. Pesa hizo ni haba na wasiozipata ni wengi, lakini uliza. Mkubwa muulizie pia Shule ya Tom Mboya, humu humu Mombasa, inayofundisha watoto wenye mtindio wa ubongo. Usilingoje neno asante lirudi ndipo uende. Nenda wiki hii, kisha uniandikie walikwambiaje.