Maumivu Anayoyaficha Baba

Mpendwa mama, labda siku hizi mumeo anaamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo, kanisani hatulii kwenye benchi, na kitandani anakupa mgongo. Usiharakishe kudhani ana mwanamke mwingine. Nawe baba, usidhani kunyamaza ndiko uanaume.

Chini ya kibofu cha mkojo mwanamume ana tezi dume, inayouzunguka mrija wa mkojo. Wako wanaoumwa hapo, au kati ya korodani na njia ya haja kubwa, au chini ya tumbo. Wengine huumwa baada ya tendo la ndoa, na ndiyo maana hulikwepa. Maumivu hayo yakidumu miezi 3 au zaidi, madaktari huyaita maumivu sugu ya tezi dume na nyonga. Huwapata hata vijana.

Fahamuni jambo hili: mara nyingi vipimo havionyeshi kijidudu chochote. Huenda misuli ya nyonga imekaza na mishipa ya fahamu inauma upesi. Wasiwasi nao huzidisha. Maumivu ni ya kweli, lakini si ushahidi wa uzinzi, na peke yake si dalili ya saratani.

Kwa hiyo, baba, usijinunulie vidonge vya kuua vijidudu kila mwezi. Nendeni hospitali pamoja. Mkojo upimwe, na magonjwa ya zinaa yapimwe bila kuoneana haya. Kwa wakaaji wa Pwani, kichocho nacho huleta damu katika mkojo. Ukiona damu, homa kali ya kutetemeka, au mkojo ukikataa kutoka, usingoje kesho.

Nyumbani, kuketi katika karai la maji ya uvuguvugu hutuliza. Anayeendesha gari kutwa ashuke mara kwa mara atembee. Mtaalamu wa viungo aweza kumfundisha kulegeza misuli, na daktari ana dawa za kutuliza. Nafuu huja polepole, vumilianeni.

Siku ya arusi mliahidiana uaminifu hata katika ugonjwa. Ahadi hiyo hutimizwa pia kwa kusema, "Leo ninaumwa, lakini nakupenda," na kwa kuliamini neno hilo.

Zungumzeni usiku wa leo: Je, kuna maumivu ambayo mmoja wetu ameyaficha? Ni nini kilichomwogopesha kuyasema?