Tumbili na Nondo wa Mahindi

Mkulima wa Kisii au Nyamira akiulizwa ni mnyama gani amharibiaye mahindi yake, mara hutaja tumbili. Si ajabu. Tumbili huja mchana pamoja na jamaa zake, na magunzi huyaacha pale pale shambani. Watoto huketi kuamia, wakamfukuza kwa mawe.

Nondo wa bungua haamiwi na mtu. Ni mdogo, rangi yake hudhurungi, naye huruka usiku. Hutaga mayai ndani ya ala ya jani, makumi kwa makumi. Mabuu wakianguliwa huyala majani machanga ya katikati, wakayatoboa matundu yaliyojipanga safu, kisha huingia ndani ya bua. Mche hunyauka moyo wake, na mwenye shamba asiyejua hulilaumu jua. Tumbili jike, kwa kawaida, huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi; hesabu hiyo na ilinganishwe na mayai yale!

Wakati wa kiangazi bungua hulala ndani ya mabua makavu, akingoja mvua. Kwa hiyo mabua yasiachwe kusimama baada ya mavuno: wapewe ng'ombe, au yafukiwe katika shimo la mbolea. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa Mbita wamefundisha kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na mabingobingo kandokando ya shamba. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo. Mabingobingo humvuta akatage huko, ambako mabuu wengi hufa.