Kijiko cha Kuvulia Samaki

Kijiko cha kuvulia ni kipande cha madini kilichobonyezwa kidogo, chenye ndoana nyuma yake. Kikivutwa majini huyumba na kumetameta kama samaki mdogo aliyejeruhiwa, na samaki mkubwa hukirukia. Lakini madini hayana nuru yao wenyewe. Huazima nuru ya jua. Kwa hiyo mvuvi hutazama maji kwanza, ndipo achague kijiko. Asiyefanya hivyo huweza kushinda akitupa na kuvuta, akarudi kwake na kikapu kitupu.

Mto Kagera, upitao kando ya Karagwe na Kyerwa, hubeba udongo mwingi wakati wa mvua. Katika maji ya namna hiyo nuru ya buluu hupotea upesi kuliko nyekundu, na kijiko kifaacho ni cha shaba. Fedha au nikeli hufaa maji maangavu penye jua, maana hung'aa kama ubavu wa dagaa. Ndivyo anavyodanganywa sangara wa Ziwa Viktoria, awindaye kwa macho.

Kambare si hivyo. Yeye hupapasa chakula kwa sharubu zake hata gizani. Afadhali kumpa mnyoo.

Shaba ikiwa nyeusi isitupwe. Isuguliwe kwa majivu na limau hata wekundu wake urudi.