Siku mbili za wawili

Wanandoa wapendwa, ni lini mara ya mwisho mlipozungumza jambo lisilokuwa karo, unga au wakwe? Baadhi yenu mnaishi Ukunda au Msambweni, na Diani mnaijua kwa kazi tu: mume yuko jikoni hotelini, mke anauza samaki. Wageni hutoka Ulaya kuja kuitembelea, ninyi hamjawahi.

Waacheni watoto kwa nyanya yao, mwende siku mbili. Si lazima hoteli kubwa. Anzeni na Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mojawapo ya kaya za Wamijikenda ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008. Humo mgeni hufungwa kaniki, hachumi hata jani, wala mume na mke hawabusiani. (Kwa nyumba nyingine hilo halitakuwa badiliko lolote!) Mwenyeji atawaongoza polepole, fuateni mwendo wake. Mke akisimama kutazama mti, mume asimame naye.

Kesho yake shukeni Shimoni, kwenye pango linalokumbusha biashara ya watumwa. Mkitoka humo hamtahitaji maneno mengi. Kaeni ufuoni mkitazama kisiwa cha Wasini.

Kabla ya safari kubalianeni fedha: kiasi gani, na nani anaishika. Ugomvi mwingi huanzia kwenye nauli. Na lile jambo gumu mlilolinyamazia miezi mingi, mmoja wenu alitaje jioni ya kwanza, si asubuhi ya kurudi, mkiwa mmesimama stejini na matatu inapiga honi.