Kifua Kikuu na Shule: Kijana Arudi Lini, Aanze na Kazi Gani?

Somo hili ni la wazazi, walezi, walimu na vijana wenyewe. Lisomeni pamoja nyumbani, au mlijadili katika mkutano wa wazazi shuleni. Mwishoni kuna maswali ya kuwasaidia.

Tuchukue mfano. Msichana wa Gredi ya 8 amekohoa kwa wiki nyingi. Sketi ya shule inamteleza kiunoni, na usiku shuka lake linalowa jasho. Mama anampeleka zahanati, makohozi yanapimwa, na jibu ni kifua kikuu. Anaanzishiwa dawa. Baada ya wiki 3 kikohozi kimepungua, naye anauliza atarudi shuleni lini.

Nyumbani anapata majibu mawili. Baba anasema akae mpaka dawa ziishe, yaani miezi 6. Nyanya anasema mtoto ameshapona, arudi shuleni leo na hizo dawa aziache kwa sababu zinamchosha tumbo. Wote wawili wanampenda, na wote wawili wamekosea. Akifuata la baba, atapoteza nusu mwaka wa masomo. Akifuata la nyanya, ugonjwa unaweza kumrudia ukiwa sugu. Njia iliyo sawa ni hii: shule irudi mapema, na dawa ziende hadi mwisho.

Ugonjwa na dawa zake

Kifua kikuu huletwa na bakteria. Huenea kwa hewa, mgonjwa wa mapafu anapokohoa, kupiga chafya au kuimba ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Hakienezwi kwa kusalimiana kwa mkono, kwa kula sahani moja, wala kwa kushika jembe au msumeno aliotumia mgonjwa. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea kijana kikombe, kiti au vifaa vya kazi.

Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa humeza dawa za aina 4 zilizounganishwa katika kidonge kimoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi 4 inayofuata hubaki na mbili, rifampisini na isoniazidi. Wapo wanaohitaji muda tofauti: kifua kikuu cha mifupa au cha utando wa ubongo hutibiwa kwa miezi 12, na kile kilicho sugu kwa dawa kina mpango wake. Katika vituo vya afya vya umma, dawa hizi hutolewa bila malipo.

Wagonjwa wengi ambao ugonjwa wao si sugu huacha kuambukiza wengine baada ya takriban wiki 2 za kumeza dawa kila siku. Mwenye kuamua kwamba kijana yuko tayari kurudi darasani ni mhudumu wa kliniki, baada ya kumwangalia. Mzazi asikisie, na mwalimu mkuu asidai miezi 6.

Wiki za nyumbani zisipotee bure

Kijana anayelala siku nzima huku wenzake wako darasani huchoka roho kabla ya mwili. Mpeni kazi ndogo zenye maana, zinazofanana na zile za shuleni.

Kwanza, achore kalenda ya dawa na kuitia alama mwenyewe kila anapomeza. Pili, aandike uzito wake kila anapopimwa kliniki na kuuchora kwa grafu. Hiyo ni hisabati, na pia ina kazi yake kliniki: kipimo cha dawa hutegemea uzito, na kijana anayeongezeka kilo anaweza kubadilishiwa idadi ya vidonge. Tatu, aotesha sukuma wiki au mchicha katika gunia la udongo karibu na mlango. Atakaa nje penye hewa safi, atapima ukuaji wa miche, na baada ya muda atakula alichopanda. Somo la Kilimo na Lishe litakuwa limemfuata nyumbani.

Chakula ni sehemu ya tiba. Mwili uliokonda unahitaji kujenga misuli upya. Maharagwe, ndengu, mayai, maziwa na omena ni vyakula vya kujenga mwili vinavyopatikana sokoni kwetu. Anayepata kichefuchefu aulize kliniki namna ya kupanga muda wa dawa na wa chakula, badala ya kuruka siku. Kijana yeyote anayetumia dawa hizi asiguse pombe, kwa kuwa huongeza mzigo kwa ini.

Shuleni nani aambiwe?

Habari za ugonjwa ni siri ya mgonjwa. Wanaohitaji kujua ni wachache: mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, na muuguzi au matroni kama ni shule ya bweni. Hao wajue saa ya dawa, siku za kliniki na kazi ambazo kijana hawezi bado. Hakuna haja ya kutangaza kwenye gwaride.

Kijana mwenyewe aandaliwe kwa jambo moja ambalo wengi hawaelezwi. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa au mwekundu, na wakati mwingine jasho na machozi pia. Si damu, na si hatari. Lakini mvulana wa miaka 14 anayechekwa msalani na wenzake anaweza kuacha dawa kwa aibu tu. Akijua mapema, atakuwa na jibu fupi la kuwapa: "Ni dawa."

Anayekwenda bweni asiondoke bila barua ya kumhamishia katika kituo cha afya kilicho karibu na shule. Kadi yake ya matibabu aende nayo.

Kazi za mikono: aanzie wapi?

Mtaala wa umilisi umeleta kazi nyingi za vitendo katika sekondari ya msingi. Wanafunzi hulima, hupika, hupima na kukata mbao, hucheza na kufanya majaribio ya sayansi. Kwa kijana anayepona, kazi hizi ni ngazi nzuri kwa sababu zinaweza kugawanywa vipande. Asiyeweza kuchimba anaweza kupima mistari. Asiyeweza kupiga msumeno anaweza kuchora ramani ya kiti. Anabaki ndani ya kundi lake, na kundi linamhitaji.

Mwalimu anaweza kupanga kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kazi za kukaa: kuchora, kupima, kuhesabu mbegu, kuandika kumbukumbu za mradi, kushona, kutia miche kwenye vikopo.

Hatua ya pili ni kazi za kusimama zenye mapumziko: kumwagilia kwa kopo dogo, kupalilia kitalu, kupiga randa ubao mwembamba, kukata mboga.

Hatua ya tatu ni kazi za nguvu: kuchimba, kubeba maji, kukimbia na kucheza kandanda. Hapa afike baada ya kliniki kukubali na uzito kuanza kurudi.

Kuna kipimo rahisi kisichohitaji mashine. Kijana akiwa kazini, mwulizeni swali. Akijibu sentensi nzima bila kukatika pumzi, kasi yake inafaa. Akijibu neno mojamoja huku akihema, apumzike, kisha arudi hatua ya chini.

Jambo lingine ni hewa. Mapafu yanayopona hayapendi vumbi wala moshi. Wakati wa kupiga msasa mbao, kufagia banda la kuku au kupika kwa kuni, apewe kazi nyingine au asimame upande upepo unakotoka. Fungueni madirisha ya darasa na ya karakana. Dirisha lililo wazi humsaidia anayepona, na huwakinga wote dhidi ya yule ambaye bado hajajulikana kuwa mgonjwa. Vijana wakubwa walio katika vyuo vya ufundi wafuate kanuni hiyo hiyo: kuchomelea vyuma na kupaka rangi ya kupuliza kusubiri, kupima na kuunganisha kutangulia.

Mikono na macho hutoa habari

Mwalimu wa vitendo huona mambo ambayo daktari hawezi kuyaona katika dakika 10 za kliniki. Dawa za kifua kikuu huponya, lakini kila moja ina madhara yake kwa watu wachache, na baadhi ya madhara hayo hujitokeza kwanza kazini.

Macho. Ethambutoli inaweza kufifisha macho na kumfanya mtu ashindwe kutofautisha nyekundu na kijani. Mwanafunzi anayechuma pilipili mbichi pamoja na mbivu, au anayechanganya nyuzi za rangi ambazo zamani alizijua, huenda si mzembe. Apelekwe kliniki haraka. Asiambiwe angoje tarehe yake.

Vidole. Isoniazidi inaweza kuleta ganzi au kuchomachoma mikononi na miguuni. Kijana huangusha penseli, au hahisi sindano ikimdunga. Kliniki hutoa vitamini B6 kuzuia na kutibu hali hiyo.

Viungo. Pirazinamidi inaweza kuleta maumivu ya magoti na vifundo. Anayelalamika kila anapochuchumaa kwenye kitalu asichukuliwe kuwa mvivu.

Ini. Macho yakigeuka manjano, akatapika mara kwa mara, au akakosa kabisa hamu ya chakula, afike kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mkojo wa rangi ya machungwa ni wa kawaida, macho ya manjano si ya kawaida.

Katika hali zote hizi, si mzazi wala mwalimu anayeamua dawa ipi iachwe. Kazi yenu ni kuona, kuandika tarehe na kumfikisha kliniki.

Mwezi wa 3, mwezi wa kuteleza

Hatari kubwa haiko mwanzoni. Mwanzoni kila mtu anaogopa na dawa humezwa. Hatari huja kijana anapopata nguvu. Anacheza, anakula, sketi imeanza kumbana, na vidonge vinaonekana havina kazi tena. Lakini bakteria wachache waliojificha bado wako hai. Wakiachwa, wanaweza kuzaana upya, na dawa zile zile zisiwaue tena. Hapo familia itakabili matibabu magumu zaidi, na darasa litakuwa hatarini tena.

Ndiyo maana makohozi hurudiwa kupimwa mwishoni mwa mwezi wa 2, kisha mwezi wa 5 na wa 6. Fanyeni tarehe hizo ziwe za familia nzima. Mtu mmoja awe msimamizi wa dawa: mama, kaka, jirani, mhudumu wa afya ya jamii, au mwalimu ambaye kijana anamwamini. Amwone akimeza, bila kumfokea.

Kazi za tathmini zilizopita

Tathmini zinazofanywa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya sekondari ya msingi, KPSEA huchangia asilimia 20, na mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 asilimia 60. Kwa hiyo mradi uliopita wakati kijana yuko kitandani si jambo dogo. Mzazi aende shuleni mapema na barua ya hospitali, aulize ni tathmini zipi zimepita na zipi zinaweza kufanywa baadaye. Kalenda ya dawa, grafu ya uzito na kumbukumbu za gunia la sukuma zipelekwe pia. Mwalimu aone kwamba mwanafunzi hakuacha kujifunza.

Nani anahusika na nini?

Kwa mujibu wa Katiba, huduma za afya katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali ya kaunti, pamoja na elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Mgonjwa akikosa dawa katika kituo, lalamiko liende kwa msimamizi wa kituo, kisha ofisi ya afya ya kaunti ndogo. Mwanafunzi akikataliwa darasani ilhali kliniki imemruhusu, mzazi aende ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi na haki ya huduma ya afya pia. Hakuna inayosubiri nyingine iishe.

Na msisahau wengine nyumbani. Kila anayeishi na mgonjwa apimwe, hasa watoto wadogo na wenye virusi vya UKIMWI. Walio wazima wanaweza kupewa dawa ya kinga.

Maswali ya kujadili

1. Katika nyumba yetu, nani atakuwa msimamizi wa dawa, na akisafiri nani atashika nafasi yake?
2. Madirisha ya darasa na karakana ya shule yetu yanafunguka? Kama hayafunguki, nani atayashughulikia muhula huu?
3. Ni kazi gani tatu za kukaa ambazo mwanafunzi anayepona anaweza kupewa wiki hii?
4. Kijana akianza kusema amepona katika mwezi wa 3, tutamjibu nini?

Mwenye kikohozi kisichoisha, homa, jasho la usiku au kupungua uzito asingoje. Aende zahanati iliyo karibu, au amwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake.