Paulo, Barnaba na Mzee wa Maswali

Andiko la somo: Matendo 15:36–41



Somo la wiki hii lilinipiga mimi kwanza, kwa hivyo naanza na ungamo. Kabla sijatumwa kuhudumu hapa, niliongoza kamati ya ujenzi katika kanisa lingine. Tulitaka kuezeka kabla ya mvua ya Aprili. Kila nikileta pendekezo, mzee mmoja anainua mkono: "Pasta, umeuliza bei kwa mafundi wangapi? Risiti ya mbao iko wapi?" Mimi ni mtu wa mbio, tena nilisomea biashara, nikajiona najua. Nikasema moyoni, huyu mzee ana roho ya upinzani. Jameni, nilifika hadi kwa mchungaji kuomba aondolewe kwa kamati!

Mzee akasikia. Mkutano uliofuata hakuja. Tukapitisha kila kitu kwa dakika ishirini, tukampa fundi shilingi 60,000 za kununua mabati, na hiyo ndiyo siku ya mwisho tulimwona huyo fundi. Kumbe yale maswali niliyoyakemea ndiyo yalikuwa ua wa shamba letu.

Sasa fungua Matendo 15. Paulo anataka kurudi kuyatembelea makanisa. Barnaba anasema twende na Yohana Marko. Paulo anakataa, kwa sababu Marko aliwaacha njiani kule Pamfilia. Wakabishana vikali hadi wakaachana. Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kipro. Paulo akamchukua Sila.

Nani kati yao hakuwa ameokoka? Wote wawili walikuwa watumishi waliojaa Roho. Waliangalia kijana mmoja na kosa moja, lakini wakaona vitu viwili. Paulo aliona kazi: safari ni ngumu, je, akituacha tena? Barnaba aliona mtu: tukimwacha sasa, atasimama lini? Na Barnaba hakuanza hapo. Katika Matendo 9, wanafunzi wa Yerusalemu walipomwogopa Sauli, ni yeye aliyemshika mkono akampeleka kwa mitume. Ndivyo hulka yake ilivyokuwa.

Hapa kuna jambo la kwanza. Hulka ya mtu hukuonyesha anacholinda. Anayeuliza maswali mengi analinda mali ya kanisa. Anayenyamaza kwenye mkutano pengine analinda amani. Yule wa haraka analinda nafasi isipotee. Kabla hujamwita mtu mgumu, jiulize: analinda nini?

La pili, macho yetu yana upendeleo. Mimi nikichelewa ibada, ni matatu. Wewe ukichelewa, wewe ni mvivu! Mwaka 1977 mwanasaikolojia Mmarekani, Lee Ross, aliupa mwelekeo huu jina: ni kosa la kulaumu tabia ya mtu na kusahau hali aliyomo. Kosa letu tunalieleza kwa mazingira, la mwenzetu tunalieleza kwa moyo wake.

La tatu, usimfungie mtu kwenye sanduku. Wengi wetu tumefundishwa kwenye semina zile hulka nne: mchangamfu, mkali, mtulivu na mwenye huzuni. Mafundisho hayo ni ya zamani sana. Yalienezwa na Galen, tabibu wa karne ya pili aliyezaliwa Pergamo, mji ule ule wa Ufunuo 2. Watu wa wakati huo waliamini hulka hutokana na majimaji manne ya mwilini. Leo watafiti wengi hawaweki watu kwa makundi manne. Wanapima sifa kwa viwango, kama vile unavyopenda kuwa na watu, unavyofuata utaratibu, au unavyoingiwa na wasiwasi. Mtu ana kidogo cha hiki na kingi cha kile, na anaweza kukua.

Kwa hivyo hulka si kisingizio. Usiwatukane watu nyumbani halafu useme, "Mimi ndivyo niliumbwa." Ukali ukiwekwa chini ya Roho huwa ujasiri. Ukiachwa hivyo hivyo, unavunja nyumba.

Angalia mwisho wa hadithi. Miaka baadaye, Paulo akiwa kifungoni, katika 2 Timotheo 4:11 anaomba aletewe Marko, kwa maana anamfaa katika huduma. Yule aliyemkataa! Uvumilivu wa Barnaba ulizaa mtu ambaye Paulo alikuja kumhitaji.

Mimi pia nilifunga safari hadi kwa yule mzee. Nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Akacheka, akaitisha chai. Ndipo akaniambia kwamba zamani alikuwa mhazini wa chama, akatia sahihi bila kuuliza, na akina mama wakapoteza akiba yao. "Pasta, kijana wangu," akasema, "siku nikinyamaza ndio uogope." Alirudi kwa kamati. Tuliezeka mwezi wa Agosti, tukiwa na bei tatu na risiti zote.

Kazi ya wiki: Andika jina la mtu mmoja anayekuchosha nyumbani, kazini au kanisani. Andika kile unachofikiri analinda. Kisha nenda ukamuulize kama ulipatia. Tutashuhudia kwenye ushirika wa nyumbani.

Tuombe: Baba, tusamehe kwa kuwaita adui watu uliotutumia kama walinzi. Tupe macho ya kuwaona. Katika jina la Yesu, amina.