Adhabu ya Kaburi Aijuaye Maiti

Mimi nina selimundu, ugonjwa unaorithiwa kwa wazazi wote wawili. Chembe nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa, na maumivu yake si mchezo.

Siku za kliniki sisi wagonjwa hukaa pamoja, na tunashika mambo matatu. Kwanza, mwenzako akisema anaumwa, mwamini. Maumivu hayaonekani kwa macho. Pili, ya kikundi hayatoki nje. Tatu, ni mwiko kumwambia mtu aache dawa eti kuna mitishamba ya kuponya.

Basi wenzangu, mwenye selimundu akikaa kando wakati wa michezo, msimwite mvivu. Mpeni maji na sweta, kisha mwiteni mwalimu.